Kwa Nini Safi Hakukuaga

Mwape mwanangu,

Umekwenda kanisani kuagana na kwaya yako, na baba yako ameshika baiskeli kwenda Kabuta kukutafutia chisense kavu, wale dagaa wa ziwa letu, ya kubeba. Nyumba imebaki na mimi na kuku. Begi lako liko karibu na mlango. Baba yako amelifunga kwa mpira wa baiskeli, akazungusha mara tano, kama mbuzi aliyewahi kukimbia.

Kesho unapanda basi la Kitwe, unakwenda kazini. Sitakuandikia mambo ya chakula, wala ya kulala mapema, wala ya wanaume. Hayo shangazi yako amekuambia wiki nzima, na mengine ameyasema mara mbili, tonge likiwa mdomoni. Nataka kukuambia jambo moja ambalo nimelibeba miaka sita. Naliandika kwa Kiswahili, vile masista walivyotufundisha shuleni kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ingawa mimi na wewe huongea Kibemba. Kibemba nimejifunza nikiwa mkubwa, na katika lugha ya kujifunza mtu anaweza kujificha. Katika hii siwezi.

Safi hakuondoka kwa sababu mama yake alipata shamba zuri Luwingu. Hiyo hadithi niliitunga mimi, siku ileile, nikiwa nakukaangia samaki. Uliniuliza, "Bila hata kuniaga?" Nikakujibu kwamba watu wengine ndivyo walivyo. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikaa nje mpaka samaki wakapoa, na mimi nikakuacha uamini kwamba rafiki yako hakukupenda vya kutosha.

Safi aliondoka kwa sababu yangu. Soma mpaka mwisho, halafu njoo unitafute.

Unaikumbuka ofisi ya kutafuta ndugu, ile ya kanisa, yenye bati la bluu. Ulikuwa unapita pale ukitoka shule, unaweka miguu juu ya ile kompyuta nyeusi chini ya meza yangu kwa sababu ilikuwa na joto. Hiyo ndiyo ilikuwa seva yetu, mashine nzima ya ofisi. Watu waliovuka ziwa wakati wa vita walikuwa wanakuja kwetu na majina: mama yangu alikimbilia Pweto, kaka yangu tulipotezana njiani, mtoto wangu alikuwa na miaka mitatu. Mimi niliajiriwa kuandika majina hayo kwa sababu nilijua Kiswahili, Kifaransa na Kibemba. Majina tuliyaweka kwenye ukurasa wa mtandao, na mtu yeyote, awe Lubumbashi, awe Lusaka, aliweza kuandika jina la ndugu yake na kutafuta.

Lakini kulikuwa na watu wa aina ya pili. Hawa walitafuta ndugu zao, ila wenyewe hawakutaka kutafutwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Majina yao tuliyaweka kwenye mashine ileile, katika folda ya pekee, na ukurasa haukuruhusiwa kuigusa.

Aliyeipanga mashine hiyo alikuwa Bwana Kalaba, fundi kutoka Mansa, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alikaa nasi siku tatu. Alinieleza kazi yake kwa Kibemba na Kiingereza, na mimi nilikuwa naandika kila neno, kwa sababu niliona haya kuuliza mara mbili.

"Mama," aliniambia, "kwa kawaida mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome. Akikosea, au programu yake ikitekwa, basi, kila alichonacho kimekwenda. Hapa nimeweka sera iliyo juu ya mwenye faili. Kila programu inayotembea ina lebo yake. Kila faili lina lebo yake. Programu ikitaka kusoma faili, kiini cha mfumo kinaangalia sera: lebo hii imeruhusiwa kusoma lebo ile? Kama haikuandikwa hivyo, jibu ni hapana. Haiangalii programu ni ya mkubwa gani."

"Na mwizi akiingia kupitia ukurasa wetu?"

"Ataingia, siwezi kukuahidi kwamba hataingia. Kurasa zina matundu, na mengine hatuyajui. Lakini akiingia atakuwa ameikamata programu ya ukurasa peke yake. Ataona kile ambacho ukurasa unaruhusiwa kuona, na hapo ndipo atakapoishia."

Halafu akaniangalia. "Mimi na wewe tu ndio tunaoweza kuilegeza hii sera. Tukiilegeza, tuwe na sababu."

Mama yake Safi alikuja ofisini mwaka huohuo. Wewe na Safi mlikuwa mmeanza kutembea pamoja, lakini mimi na mama yake tulikuwa hatujazoeana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa anamtafuta mama yake mzazi. Nilipofika kwenye swali la mume, aliniambia nisiandike.

"Ule bwana alinivunja mukono mara mbili," alisema. "Mara ya tatu nilichukua mutoto, nikapanda mutumbwi wa bantu ba samaki. Sasa, kama naye anakuja kunitafuta mu ile mashine yenu?"

Nilimwambia, nakumbuka maneno kamili, "Ataandika jina lako, na ataona ukurasa mutupu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akanipa jina lake, jina la Safi, kijiji alikotoka, na namba ya shamba walilolima kwenye makazi ya wakimbizi. Niliviingiza kwenye ile folda ya pekee mbele ya macho yake, nikamwonyesha. Kisha nikaandika jina lake kwenye ukurasa wa kutafuta, kama mtu wa nje, na ukurasa ukaja mtupu. Alicheka kidogo. Tangu siku ile akawa ananiletea majani ya mihogo aliyotwanga mwenyewe, na ninyi wawili mkawa mnalala nyumba hii au ile bila kuomba ruhusa.

Sasa nakuja mahali ninapoona haya.

Ilikuwa wiki ambayo wageni kutoka Lusaka walikuwa wanakuja kuangalia kazi yetu. Mchungaji, aliyekuwa mkuu wa ofisi, alitaka wageni waone picha za watoto waliopotezana na wazazi, siyo majina peke yake. Nilipiga picha mwenyewe. Nikazipakia kwenye folda yangu binafsi, nikazipanga vizuri, kisha nikazihamishia kwenye folda ya ukurasa. Ijumaa asubuhi nikafungua ukurasa. Mahali pa picha palikuwa na vijisanduku vitupu, mtoto baada ya mtoto.

Nilijaribu kila kitu nilichokijua. Ruhusa za kawaida zilikuwa sawa. Majina ya faili yalikuwa sawa. Mchungaji alikuwa anaingia kila baada ya muda mfupi: "Mama Mwape, imekubali?" Nilimpigia Bwana Kalaba, simu yake haikupatikana. Nikafungua kumbukumbu za mashine, nikaona mistari inayosema imekataliwa, imekataliwa. Kila mstari ulikuwa umeeleza wazi: programu ya ukurasa inataka kusoma faili lenye lebo ya folda binafsi. Picha zangu zilikuwa zimehama na lebo yao ya zamani. Amri moja tu ya kuzipa lebo mpya ingemaliza kila kitu. Jibu lilikuwa mbele yangu, mwanangu, na mimi sikulisoma. Niliona neno moja tu, imekataliwa, nikaona mashine imekuwa adui.

Nikatafuta mtandaoni. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, aliandika: ukipata shida hii, iambie sera iache kuzuia. Huizimi kabisa. Inabaki pale, inaandika kila kitu ambacho ingekikataa, ila haikatai tena. Ni amri fupi kuliko jina lako. Niliiandika. Na kwa kuwa niliogopa umeme usikatike mbele ya wageni na mashine ikawaka upya na ubishi wake wa zamani, nikaibadilisha na kwenye faili la mipangilio, ili hata ikiwaka upya ibaki hivyohivyo.

Picha zikatokea zote. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja mgeni alinishika mkono akasema ofisi yetu ina bahati kuwa na mimi. Nilirudi nyumbani nikiimba, labda unakumbuka, tulikula kuku siku ile.

Nilisema Jumatatu nitairudisha. Jumatatu ikaja na watu kumi na mmoja kwenye foleni. Hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna kilichonikumbusha. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi mitano. Bwana Kalaba alinipigia mara moja kuniuliza kama kila kitu ni salama. Nilimwambia, "Salama kabisa." Ningeweza kumwambia ukweli kwa sentensi moja. Lakini angejua kwamba sikuelewa alichonifundisha, na mimi nilipenda kuonekana mtu anayeelewa.

Mama yake Safi aliingia ofisini saa sita mchana, bila viatu. Alikuwa amekimbia kutoka barabarani. Hakukaa.

"Ule bwana yuko Kashikishi," alisema. "Ameshuka mu boti ya Kilwa. Jirani yangu alimuona, iko anauliza bantu njia. Iko na karatasi, Mama Mwape. Jina yangu iko mule, na ya Safi, na namba ya shamba yetu." Akashika meza yangu kwa mikono miwili. "Nani alimupatia? Mimi nilikupatia weye tu."

Nilimwambia, "Sijui." Hiyo ilikuwa kweli kwa dakika kumi hivi.

Nilimfungia katika chumba cha nyuma, nikamwambia Mchungaji apige simu polisi, nikamtuma baba yako shuleni na pikipiki ya mjomba amchukue Safi. Halafu nikakaa mbele ya mashine nikafungua kumbukumbu. Niliupata mstari. Programu ya ukurasa ilikuwa imesoma faili la folda ya pekee, wiki mbili nyuma. Mashine ilikuwa imeandika tarehe, saa, lebo ya aliyesoma na lebo ya kilichosomwa. Na mwishoni mwa mstari kulikuwa na alama ndogo, na maana yake ni hii: ningekataa, lakini niliambiwa nisizuie.

Baadaye tulijua kwamba mtu mmoja wa kompyuta ng'ambo alimsaidia yule mume. Mahali pa kuandika jina alikuwa ameandika maneno ya ujanja, na ukurasa ukamtii. Tundu hilo halikuwa langu, hata Bwana Kalaba hakulijua. Lakini nyuma ya tundu kulikuwa na ukuta, na ukuta niliuondoa mimi ili wageni waone picha.

Yule bwana alifika ofisini kabla ya polisi. Nilikuwa nimetazamia jitu lenye macho mekundu. Alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi, alivua kofia mlangoni. Alinisalimia kwa heshima, akauliza hali ya watoto.

"Nimekuja kuchukua bibi yangu na mutoto," alisema polepole. "Bananiambia munabajua hapa."

"Hatumjui," nilisema.

Akaifungua ile karatasi, akailainisha mezani kwa kiganja, akaigeuza upande wangu ili nisome. Yalikuwa maneno niliyoyaandika mimi kwenye mashine. Hata kosa nililolifanya kwenye jina la kijiji chake lilikuwamo.

"Mama," aliniambia, "karatasi yako inabajua."

Nyuma ya ukuta wa mbao alikuwa mke wake, karibu nami kama wewe ulivyokuwa ukilala na Safi. Tulikaa hivyo mpaka polisi wawili walipokuja. Walizungumza naye vizuri, akazungumza nao vizuri, wakamrudisha kwenye boti siku ya pili. Hakuwa amefanya kosa lolote upande wa Zambia. Alijua njia sasa, na sote tulijua kwamba anaijua.

Kwa hiyo ilibidi waondoke. Baba yako aliwapeleka Kafutuma kwa gari la samaki, wakakaa nyuma ya kituo cha afya kwa muuguzi mmoja tunayemwamini, wakingoja watu wa kuwachukua kwenda mahali ambapo hata sisi hatukuambiwa. Niliwafuata pale asubuhi. Mama yake Safi alikuwa anaosha sufuria za mwenyeji wake. Shamba lake la mihogo lilikuwa limebakiza wiki chache avune.

Nilimwambia kila kitu: picha, wageni, amri, miezi mitano. Nilisema bila kulia, kwa sababu niliona sina haki ya kulia mbele yake.

Aliendelea kusugua sufuria. Kisha akasema, "Uliniambia ukurasa mutupu."

"Ndiyo."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Bengine bako mule ndani? Bamama kama miye?"

"Wako."

"Sasa umefunga?"

"Nimefunga."

Akaigeuza sufuria juani ikauke. "Bon. Chunga bale bengine basi. Miye nimeshatoka." Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba.

Safi alitoka ndani na sare yake ya shule, hakuwa na nguo nyingine. Aliniuliza kama unaweza kuja umuage. Nikamwambia hapana, mtu mmoja zaidi akijua ni hatari. Hiyo ilikuwa sawa, ningeisema tena leo. Akaniomba basi nikuambie kwamba hakutaka kwenda. Nikamwahidi. Hapo ndipo lilipo kosa langu la pili, Mwape, na hili halikuhusu mashine. Ningeweza kukuambia mwezi uliofuata, mwaka uliofuata. Hatari ilishapita. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unaniangalia kama mama anayesaidia watu kupata ndugu zao.

Mchungaji nilimwambia siku ileile. Alikasirika mpaka sauti yake ikapotea. Alininyang'anya nywila za mashine, nikarudi kuandika majina kwa kalamu. Bwana Kalaba alikuja kutoka Mansa. Nilitegemea anitukane. Alivuta kiti akasema, "Nionyeshe picha zilizokukataa." Tukairudisha sera kwenye kazi yake, vijisanduku vitupu vikarudi, na akanifanya nisome mstari mmoja kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika kwenye lebo nikasimama. Nikaona. Tukazipa picha lebo sahihi, zikafunguka zote, na ukuta ukiwa umesimama. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hapo ndipo nilipolia.

Alinifundisha miezi mingi kwa simu. Nilijifunza kwamba kila kukataliwa ni swali: je, programu hii inahitaji kitu hiki kwa kazi yake? Wakati mwingine jibu ni ndiyo, unaandika ruhusa ndogo, ya kitu hicho tu. Wakati mwingine faili limekaa vibaya. Na wakati mwingine ni mwizi, na mstari huo ndio pekee utakaokuambia. Ukilazimika kulegeza ili ujifunze, legeza programu moja, siyo mashine yote, na mwambie mtu mwingine kwamba umelegeza. Hilo la mwisho halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Nilirudishiwa nywila baada ya mwaka.

Lakini hofu ilinibadilisha, na wewe ndiwe uliyelipa. Unaukumbuka mwaka ule nilipokukataza kwaya, nikakukataza kwenda Kabuta kwa shangazi, nikachukua simu yako? Uliniambia, "Mama, nimefanya nini?" Hukuwa umefanya kitu. Nilikuwa najaribu kuuzungushia ukuta kila mtu ninayempenda. Wakati huohuo, ofisini, nilikuwa nimeandika sera kali hata programu ya kuhifadhi nakala ikashindwa kusoma majina tuliyotakiwa kuyahifadhi. Bwana Kalaba alinicheka. "Mama, ukikaza hivi, siku moja mtu atachoka aizime yote. Wewe unamjua mtu huyo." Jioni ile nilikurudishia simu. Hukujua kwa nini, ulinikumbatia tu, na mimi bado sikukuambia ukweli.

Sasa unakwenda Kitwe kulinda mashine za watu. Umesoma zaidi yangu, unajua mambo haya kwa majina yake yote. Ijumaa yako itakuja pia. Atakuwepo mtu mlangoni anayeuliza kama imekubali, na utakuwa umechoka, na amri itakuwa fupi. Sijui utafanya nini. Najua tu kwamba ukikosea, unipigie mimi kwanza. Sitakuwa na maneno makali. Nimeyatumia yote kwangu mwenyewe.

Kuna jambo lingine, na ndiyo maana nimeiweka barua hii juu ya begi lako leo, nisingoje uisome ndani ya basi.

Juzi Jumanne mama yake Safi alinipigia simu ofisini. Niliijua sauti kabla hajasema jina. Wako salama. Mama yake mzazi walimpata, aliishi nao miaka miwili kabla ya kufariki. Safi anafanya kazi ya kushona. Alisikia kwa watu kwamba unaondoka.

"Mutoto anataka kuongea na Mwape," alisema. "Lakini miye sijui kama Mwape anataka. Pengine iko na kasirani. Unipatie namba yake?"

Namba yako naijua kwa kichwa. Ilikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nimuulize mwenyewe."

Akacheka, kicheko kilekile kidogo cha siku ya ukurasa mtupu.

Basi nakuuliza. Niko nyuma ya nyumba, naanua mihogo. Ukisema ndiyo, nitampigia mama yake sasa hivi, na Safi mwenyewe ndiye atakayekutafuta. Ukisema hapana, nitamwambia hapana, na hatutazungumza tena jambo hilo. Na kama bado huwezi kusema nami, weka tu alama ya ndiyo au ya hapana kwenye karatasi hii uiache mezani. Nitaingia kuisoma ukishatoka.

Ni mimi mama yako, niliyechelewa kukuambia.